Waridi Zilifika Lamu Zimelala: Nimpe Mke Wangu Ua Gani?

Assalaam aleikum Bi Mkubwa,

Mimi ni mume, nina miaka minne katika ndoa. Nyumbani ni Lamu, mtaa wa Langoni, lakini riziki yangu iko Malindi, na hurudi kila baada ya wiki tatu. Kama ilivyo desturi yetu, tunakaa upande wa mke. Nyumba alipewa na babake siku ya harusi, na mama mkwe yuko humo humo. Mke wangu ni mtu wa maneno machache. Sasa ana mimba ya miezi mitatu, na siku hizi samaki akikaangwa yeye hukimbilia kiwandani, ule uwanja wa wazi wa ndani ya nyumba, kutafuta hewa.

Safari iliyopita nilitaka kumfurahisha. Nikanunua Malindi waridi nyekundu 12, zimefungwa kwa nailoni ya kumeta na utepe. Kwenye basi niliziweka juu kwenye kichanja cha mizigo pamoja na mfuko wa maembe. Mokowe nikaingia botini nikazishika mkononi. Nilipofika nikamkabidhi ukumbini, mama mkwe na mashemeji wote wamekaa. Akasema "Ahsante", akainuka, akazitia kwenye ndoo jikoni. Asubuhi vichwa vyote vimeinama. Hakuzitaja tena. Shemeji yangu mdogo ndiye aliyeninong'oneza: "Dada yangu mletee kikuba."

Naomba unifahamishe. Waridi zile zilikufa kwa nini, na zinaweza kufika Lamu zikiwa hai? Kikuba mwanamume anaweza kukitunga mwenyewe, na hutungwaje? Na zile wiki ninazokuwa Malindi, nifanye nini ajue kuwa namkumbuka?

Mume wa Langoni


Waaleikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amfikishe mkeo salama na ampe mtoto mwema.

Kabla ya maua yenyewe, nikutoe wasiwasi. Mkeo hakuyakataa mapenzi yako. Ulimpa mbele ya mamake na nduguze kitu ambacho kwetu mume humpa mke ndani, mlango umerudishwa. Alisema ahsante na akaenda kuzitia maji. Mwanamke mwenye haya zake, akiwa mbele ya wazee, hakuwa na la zaidi la kufanya. Na shemeji yako amekuelekeza vizuri. Lamu ua la mapenzi huvaliwa. Mtu halioni mezani akalisifu rangi. Hulinusa kifuani pake na nyweleni, usiku, na anayelinusa pamoja naye ni mumewe. Ndiyo maana kikuba, kishada kidogo cha asumini na majani ya kunukia kisichojaa kiganja, humfikia mke pale ambapo waridi 12 hazikufika.

Lakini umeuliza habari za waridi, basi tuzimalize.

Waridi za dukani Malindi hazikui Malindi. Hulimwa nyanda za juu kwenye baridi, nyingi kandokando ya Ziwa Naivasha, zikakatwa zingali matumba, zikatunzwa kwenye vyumba vya baridi, ndipo zikateremshwa pwani. Unapolinunua ua lile, lina siku kadhaa tangu likatwe. Likiingia kwenye joto la nyuzi 30 huhitaji maji mengi kwa haraka, na wewe ulilipitisha zaidi ya kilomita 200 likiwa kavu. Ncha ya kikonyo ikikauka, hewa huingia kwenye mishipa yake na kuziba njia ya maji. Ndipo shingo hulegea na kichwa kikainama. Ukilitia ua hilo ndooni bila kulikata upya, maji yapo chini na kiu iko juu, hayakutani.

Zaidi ya hapo uliziweka jirani na maembe. Matunda yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huliambia ua lizeeke. Maembe, ndizi, mapapai, yote ni adui wa maua kwenye chumba kimoja, sembuse kwenye kichanja kimoja. Nailoni nayo ilizuia unyevu usitoke. Petali zilitoa jasho, na jasho huleta madoa ya kahawia na ukungu wa kijivu. Botini, kama ulikaa upande wa mawimbi, rasharasha za maji ya chumvi zilizichoma kingo.

Ukitaka kuzifikisha hai, kwanza chagua vizuri dukani. Lishike tumba kwa vidole viwili pale chini, juu kidogo ya kikonyo, ulibonyeze polepole. Likiwa gumu ni bichi. Likibonyea ni la zamani, hata kama juu linapendeza. Usichukue yale yaliyofumba kabisa, kwa kuwa yaliyokatwa mapema mno huinamisha shingo kabla ya kufunguka. Chukua ambayo petali za nje zimeanza kuachana. Mwambie muuzaji aondoe nailoni. Funga ncha za vikonyo kwa pamba iliyoloweshwa, juu ya pamba uvishe kijifuko cha plastiki ukikaze kwa mpira, na vichwa uvifunike kwa gazeti kavu. Yapakate, usiyaweke juu wala karibu na injini.

Ukifika, tia maji kwenye beseni, zamisha ncha, na ndani ya maji hayo ukate sentimita 3 kwa mshazari kwa kisu kikali. Mkasi butu huziponda zile njia za maji. Toa majani yote yatakayozama, maana huoza na kuchafua maji. Zile zilizolegea shingo zifunge pamoja kwa gazeti zisimame wima, uzisimamishe kwenye maji yanayofika nusu ya kikonyo kwa muda wa saa mbili katika chumba chenye ubaridi. Nyingi huinuka. Maji ya chombo yawe ya kunywa. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na ua lililokatwa haliipendi chumvi. Kwa lita 1 tia kijiko 1 cha chai cha sukari na vijiko 2 vya chai vya maji ya ndimu, ubadilishe kila siku. Sukari pasipo ndimu hulisha vijidudu vya majini kuliko inavyolisha ua.

Hata zikifika salama, waridi hizi hazifai kwa lile unalolitaka. Nyingi hazinuki, kwa kuwa wakulima walichagua aina zenye vikonyo virefu na zinazodumu siku nyingi chomboni, na harufu ikapotea njiani. Tena hunyunyiziwa dawa za wadudu na za ukungu. Usizichambue petali zake ukazitia kwenye nywele za mkeo, kitandani au kwenye maji ya kuoga, hasa sasa akiwa na mimba. Ukitaka kuleta waridi za Malindi, lete 3 au 5 uzisimamishe ukumbini kwa heshima ya mama mkwe. Hapo ndipo mahali pake, na mkeo atafurahi kumwona mamake amekumbukwa.

Sasa kikuba.

Mwanamume anaweza kukitunga, kwa nini asiweze? Mkono unaoshona jarife, wavu wa kuvulia, unaweza kushona asumini. Kinachohitajika ni kujua saa. Asumini ni ua la usiku: tumba hunona mchana, hufunguka baada ya Magharibi, na harufu hutoka linapofunguka. Alfajiri petali zimeanza kulegea, na ikifika saa tatu asubuhi kingo zimegeuka kahawia au zambarau. Hata China, wanaotia majani ya chai harufu ya asumini huchuma matumba mchana, wakayachanganya na chai usiku yakiwa yanachanua. Kwa hiyo kikuba cha kutungwa Malindi asubuhi kikavaliwa Lamu usiku wa pili, kisahau. Kitungwe Lamu, siku hiyo hiyo.

Vikuba hutofautiana mkono kwa mkono, lakini vingi vina majani ya kunukia ya mrehani kuwa mgongo, ua la mkadi kuwa moyo, petali chache za waridi la nyumbani, na asumini kuwa uso. Wengine hutia maua ya langilangi. Kwa kikuba kimoja kidogo tafuta matumba 25 ya asumini, vijiti 3 vya mrehani vya urefu wa kidole, kipande cha ua la mkadi cha upana wa vidole viwili, na petali 5 au 6 za waridi lisilopigwa dawa. Utahitaji sindano nyembamba na uzi wa pamba. Uzi wa nailoni hukata shingo ya ua, na maua hudondoka moja moja mwenye kuyavaa akitembea.

Chuma asumini baada ya Alasiri, jua likiwa limepunguza ukali. Kwenye mti mmoja utaona hali tatu. Kuna matumba membamba yenye rangi ya kijani kwa mbali. Hayo ni ya kesho au kesho kutwa, na ukiyachuma leo hayatafunguka kamwe. Kuna maua yaliyofunguka. Hayo ni ya jana, harufu yake imekwisha. Unayoyataka wewe ni meupe pote, yamenona, ncha yake imeanza kulegea kama inayotaka kusema neno. Likate kwa ukucha chini ya kile kikombe cha kijani. Ukilivuta, ua huchomoka kwenye kikombe, na ua lisilo na kikombe halishiki uzi.

Usiyaoshe. Maji yakikaa kwenye petali nyeupe huacha doa la kahawia kabla ya Isha. Yatandaze juu ya kitambaa cheupe kivulini kwa dakika kumi, kwani sisimizi wadogo wamo ndani, nao watatoka wenyewe. Wasipotoka hapo watatokea shingoni mwa mkeo.

Kutunga kwenyewe: sindano ipite katikati ya shingo ya ua, kwa upana, juu kidogo ya kikombe. Usiitoboe tumba yenyewe, itageuka kahawia pale palipotobolewa. Ua la kwanza kichwa kielekee kulia, la pili kushoto, uende hivyo hivyo. Yasogeze yagusane, lakini usiyabane. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: matumba ni membamba, kwa hiyo mtungaji huona nafasi tele akayakandamiza uzi ujae. Usiku kila tumba linataka kufunguka lipate upana wa sentimita 2 au zaidi; likikosa nafasi hujikunja, hupondeka, na kikuba kikanuka uchachu badala ya asumini. Ukiutazama uzi wako saa kumi na moja jioni ukaona umepwaya kidogo, umetunga sawa.

Mrehani uchume mapema na usimamishe kwenye glasi ya maji nje ya friji. Baridi ya friji huugeuza majani meusi. Mkadi una miiba midogo kwenye kingo zake. Ipunguze kwa mkasi pande zote, la sivyo kikuba kitamchoma. Kunja kipande cha mkadi mara mbili, kizungushie petali za waridi, uegemeze vijiti vya mrehani nyuma yake, ufunge chini kwa uzi mizunguko mitatu. Kisha uzungushe uzi wa asumini kuanzia chini kwenda juu, ukifunika mkadi na kuacha majani ya mrehani yachungulie. Acha mkia wa uzi wa sentimita 15 wa kufungia. Marashi ukiyataka, yaguse kwenye mrehani kwa ncha ya kidole. Asumini usiinyunyizie chochote.

Kikimalizika, kilaze kwenye sahani juu ya kipande cha jani la mgomba, kifunike kwa jani jingine, ukiweke kando ya mtungi wa maji, ambako nyumba ina ubaridi. Mfuko wa plastiki ukiufunga mdomo utakipika. Friji nayo, pale karibu na barafu, hubabua petali zikawa kama zimemwagiwa maji ya moto. Ukikitunga saa kumi na moja, hadi saa mbili za usiku kitakuwa kimefunguka, na hutahitaji kumwita mtu aje anuse. Chumba kitakuwa kimeshasema.

Ikiwa hamna mwasumini nyumbani, usichume kwa jirani bila kuomba, hata kama matawi yamemwagika ukutani. Au agiza kwa mwanamke anayetunga vikuba vya kuuza, umwambie kabla ya Adhuhuri, kwani huchuma kwa hesabu ya wateja wake. Unapokipokea kigeuze, utazame upande wa nyuma: ukiona kahawia, au matumba yote yamebaki ya kijani, mrudishie kwa upole.

Kumpa ni baada ya Isha, ndani, mko wawili. Mpe kwenye kisahani kilichofunikwa kwa kitambaa kisafi. Maneno yawe mafupi na ya kweli. "Nimekutungia mwenyewe" yatosha, kwa maana mke anajua idadi ya matumba na kazi ya kila moja. Usimpachike wewe kabla hajakuomba. Atachagua mwenyewe, kifuani, begani au kwenye fundo la nywele. Pini ipite kwenye fundo la uzi, isipite kwenye maua. Wakati wa kulala kitolewe, kilazwe kwenye kisahani karibu na mto. Kikilaliwa hupondeka, na maji ya asumini iliyopondwa huacha doa la manjano kwenye shuka nyeupe; likitokea, loweka shuka kwenye maji baridi papo hapo kabla ya sabuni. Ukitaka kumwaga asumini kitandani kama usiku wa harusi, mwaga matumba mazima yaliyopepetwa sisimizi wakatoka, kwenye upande wa miguuni, na usizidishe kiganja kimoja.

Na siku hiyo usimwache mama mkwe mkono mtupu. Mletee chupa ya marashi au kipande cha udi, umpe mchana, hadharani. Nyumba ya watu wengi hutazama mikono ya anayerudi safari.

Sasa jambo ambalo ningekusihi ulitie maanani kuliko hayo yote. Umeniandikia kwamba mkeo hukimbia harufu ya samaki. Mimba changa hubadilisha pua. Harufu aliyoipenda mwaka jana huweza kumtapisha leo. Langilangi ni nzito, na mkadi unakaribia hapo. Kikuba chake cha miezi hii usitie langilangi hata moja, na mkadi uache. Tunga mrehani vijiti 4 na matumba 10 ya asumini tu. Na kabla ya kutunga, siku moja kabla, mletee tawi la mrehani na ua moja la asumini, umuulize: "Hivi unaviweza?" Akikunja uso, weka asumini kando, mpe mrehani peke yake. Akikataa vyote, usinung'unike na usimwambie kuwa umehangaika. Wanawake wengi hupata nafuu ya kichefuchefu mimba ikivuka miezi mitatu au minne, kwa hiyo jaribu tena wakati huo. Akiwa na pumu, au akipata maumivu ya kichwa kila anaponusa maua makali, kikuba kikae kwenye kisahani karibu na dirisha badala ya mwilini. Ubani na udi wa moshi mzito navyo vipunguzeni chumbani.

Umeuliza kuhusu zile wiki za Malindi. Hapa nina mashauri mawili, na la kwanza ni mti.

Badala ya waridi 12 zinazokufa kwa siku moja, nunua mche wa mwasumini kwenye kitalu Malindi. Mche wenye mizizi huvumilia basi na boti. Umwagilie usiku wa kabla ya safari, ufunge udongo kwa kitambaa usimwagike, na uufunike majani kwenye boti. Uchague ukiwa na ua angalau moja, ulinuse wakati wa jioni. Chukua aina yenye petali za safu moja au mbili. Ile yenye petali nyingi kama waridi dogo inapendeza, lakini ni nzito na hulemea uzi. Na usichukue kila chenye ua jeupe: oleanda nayo ina maua meupe yanayonukia, na mti wake wote ni sumu, jani hadi kijiti. Nyumba inayotarajia mtoto wa kutambaa haipaswi kuwa nao.

Chungu kiwe na upana wa sentimita 30 hivi na tundu chini. Udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Samadi ya punda Lamu haina uhaba, ila ikae miezi mitatu au zaidi ioze kabisa. Mbichi huunguza mizizi. Chini ya chungu usitie vifusi vya ukuta wa zamani. Vifusi vyetu ni matumbawe na chokaa, na chokaa huuzuia mti kupata madini ya chuma udongoni. Utaona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, na watu watakwambia ongeza maji, kumbe shida si maji.

Mwasumini unataka jua kwa muda wa saa tano au sita kila siku. Viwanda vya nyumba za mawe vingi ni vyembamba na vina kivuli, kwa hiyo mti utarefuka, utapendeza kwa majani, na hautatoa ua. Upandishe juu, kwenye paa la wazi, upande uliokingwa na upepo wa Kusi unaobeba chumvi. Maji ni ya mvua au ya kunywa. Ncha za majani zikikauka kama zilizochomwa, ni chumvi ya kisima, basi umwagie maji matamu mengi yapite chini yaisafishe. Maua hutoka kwenye matawi mapya. Kila baada ya msimu wa maua kata theluthi ya kila tawi, usiuonee huruma, maana wasiokata ndio wanaolalamika kuwa mti wao umezeeka. Vile vijiti ulivyokata, vya sentimita 15 vyenye macho matatu au manne, vitoe majani ya chini, uvichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita vingi vitakuwa na mizizi. Mama mkwe atataka chake, shemeji atataka chake.

Mti mdogo usiutegemee kwa vikuba upesi. Kupata matumba 25 ya jioni moja kutoka kwenye mche mmoja, subiri kama mwaka mzima, na kunyanyua ndoo ya maji kupanda nayo ngazi isiwe kazi ya mkeo katika hali yake. Mpe shemeji yako mdogo kazi hiyo, na umlipe.

Shauri la pili ni la kuanza wiki hii. Kubaliana na mtungaji wa vikuba hapo Lamu awe anapeleka kimoja kila Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, na umlipe ya mwezi kabisa usije ukamsahaulisha. Apeleke yeye mwenyewe au mtoto wake wa kike, baada ya Magharibi, akiwa amekifunika, na asipige kelele dakani, pale kwenye ukumbi wa mlangoni, kwamba ni cha mume. Usiku huo huo piga simu, usitume ujumbe tu. Usimuulize kama kimefika. Muulize kimefunguka vipi, kama mrehani una harufu, kama kimemsumbua kichwa. Jibu lake ndilo litakaloamua kikuba cha wiki ijayo, na wewe ndiye utakayempelekea mtungaji habari. Kwa sasa mwagizo wako kwake uwe huu: mrehani mwingi, asumini 10, hakuna mkadi, hakuna langilangi, hakuna marashi ya dukani, mpaka mkeo mwenyewe aseme waongeze.